"Si Tulikubaliana?" Mshahara wa Dada wa Kazi na Dhamiri Yetu



Kijana mwenzangu, leo tutafakari dhambi ambayo wengi hatuiungami kwa sababu hatudhani kwamba ni dhambi: kumlipa mtu ujira usiotosha kuishi. Tukisikia habari za waajiri wanyonyaji, tunawaza viwanda na migodi. Lakini kwa wengi wetu mwajiri wa kwanza tuliyemjua ni baba au mama yetu, na mfanyakazi ni yule dada wa kazi pale nyumbani.

Tutumie njia ya Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ambaye utume wake kwa vijana wafanyakazi ndio chimbuko la VIWAWA yetu: Ona, Amua, Tenda.

ONA

Mtaani tunamwita "beki tatu" na kucheka. Yeye anaamka saa kumi na moja alfajiri, na usiku analala wa mwisho. Wapo wanaolipwa elfu thelathini kwa mwezi, na hata hiyo inakaa kwa bosi "anamtunzia". Sahani ikivunjika, inakatwa. Ukiuliza, unajibiwa: "Si tulikubaliana? Halafu anakula na kulala bure!"

AMUA

Tuanze na hilo la kula bure. Hapa Tanzania, Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa nyumba ya kawaida asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala humo. Umeona? Chakula na malazi vilishahesabiwa. Anayelipa elfu thelathini kwa kisingizio cha ugali anamkata dada chakula kile kile mara mbili. Na kima cha chini ni sakafu tu: ukienda chini yake umevunja sheria, ila kukifikia hakumaanishi umemaliza wajibu wako.

Sasa hilo la "tulikubaliana". Papa Leo XIII alilijibu mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba haki ya asili iko juu ya mapatano, na kwamba mtu akikubali ujira mdogo kwa kuogopa hali mbaya zaidi, huyo ameonewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2434, inashikilia hivyo hivyo: makubaliano peke yake hayatoshi kuhalalisha kiasi cha mshahara. Binti aliyetoka kijijini na begi moja, nauli ya kurudi hana, atakataa vipi? Ile "ndiyo" yake imetoka kwenye shida.

Maandiko nayo hayana utani. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza maskini alipwe ujira wake kabla jua halijatua. Yakobo 5:4 anasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimemfikia Bwana. Ndiyo maana Katekisimu, namba 1867, inauweka udhalimu kwa mfanyakazi miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni, orodha moja na damu ya Abeli. Na Yoshua bin Sira sura ya 34 anatuonya kwamba sadaka iliyotokana na mali ya maskini haimpendezi Mungu. Bahasha ya mavuno haiwezi kufuta deni la dada.

Utasema, "Lakini mama naye ni muuguzi, mshahara wake mdogo." Ni kweli, na Kanisa halisemi alipe asichonacho. Ila uwezo ukiwa mdogo, tupunguze kazi tunayoidai. Kama pesa inatosha nusu siku, tuajiri nusu siku, na nusu nyingine tuoshe vyombo wenyewe. Kudai kazi ya siku nzima kwa pesa ya nusu siku ni kumbebesha dada umaskini wetu.

TENDA

1. Fua nguo zako na tandika kitanda chako. Saa unazompunguzia ni haki yake.
2. Ongea na wazazi kwa heshima, faragha, bila kuwafokea. Ulizieni pamoja ofisi ya kazi kiwango cha sasa, maana viwango hubadilishwa.
3. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki. Dada apate siku yake, aende Misa na jumuiya kama wewe.
4. Wewe mwenye saluni, kibanda cha chipsi au saidia fundi: lipa kwa wakati, mkononi mwake, bila kuzungushana.

MASWALI YA TAFAKARI

- Je, najua dada wa nyumbani kwetu analipwa kiasi gani, na anamtunza nani kwao?
- Ningepewa mshahara huo mimi, ningeishije mwezi mzima?

SALA

Ee Yesu, uliyefanya kazi ya mikono Nazareti, utufumbue macho tumwone anayetutumikia. Utuondolee visingizio, utupe moyo wa kulipa kwa haki kabla ya kusifiwa kwa ukarimu. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.