Maneno ya Kuondoa Maji

Mvua za Mpanda huanza Novemba, nazo huendelea hata Aprili. Katika miezi hiyo mtu wa Nsemulwa hana shida ya kuyaona maji. Kazi yake ni kuyaondoa: shimoni, uani, nguoni, hata ndani ya makopo yaliyosahauliwa nyuma ya nyumba. Kiswahili hakina neno moja kwa kazi hizo zote. Kina maneno mengi, na kila neno lina mahali pake. Haya, tuyatazame.

1. Kuteka na kuchota. Hapa maji yenyewe yanatakiwa. Twateka maji kisimani au mtoni ili tuyapeleke nyumbani. Twachota maji mtungini kwa kata, au kwa kiganja cha mkono. Anayeteka hurudi na chombo kilichojaa. Anayechota huchukua kiasi kidogo. Husemwa, "Mama amekwenda kuteka maji"; tena, "Mwanangu, chota maji umpe mgeni."

2. Kukumba. Ndoo yaweza kuwa ile ile, lakini nia ni nyingine. Kukumba ni kuondoa yote pasipo kubakiza. Watu wakitaka kusafisha kisima, kwanza huyakumba maji, ndipo wazoe tope. Ukimwambia mtu, "Teka maji," atajaza ndoo yake na kwenda zake. Ukimwambia, "Kumba maji," hataacha mpaka aione chini.

Katika mkoa wa Katavi wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mvua hujaza mashimo yao. Wengine huyatoa maji kwa ndoo na kamba, wengine huyavuta kwa pampu. Lakini fahamu: shimo lililokumbwa maji si lazima liwe salama. Udongo uliolowa huweza kuporomoka ghafula na kuwafukia waliomo. Kwa hiyo mtoto asiingie humo kamwe, hata akiliona ni kavu.

3. Kufua. Magharibi ya Mpanda liko Ziwa Tanganyika. Mtumbwi ukiingiwa na maji, waliomo hawana budi kuyatoa upesi, wasije wakazama. Mabaharia wa pwani huiita kazi hiyo kufua maji, na neno hilo lafaa hata ziwani. Usidhani kwamba wanafua nguo! Dobi hufua nguo, mhunzi hufua chuma, mkulima wa pwani hufua nazi, baharia hufua maji. Kitendo kimoja, maana nne. Neno linalofuata ndilo linalotuonyesha maana.

4. Kukamua, kukung'uta, kuanika na kupangusa. Hapa twataka kitu, wala si maji yaliyomo. Shati likilowa, kwanza likamue, maji mengi yatoke. Kisha likung'ute, matone yaruke na mikunjo ifunguke. Halafu lianike kambani, jua na upepo vilikaushe. Meza haikamuliwi wala haianikwi. Meza hupanguswa kwa kitambaa.

5. Kumimina na kumwaga. Kumimina ni kutia maji kwa taratibu katika chombo kingine, kama chai kikombeni. Kumwaga ni kuyatupa au kuyaacha yapotee. Tofauti hii yaweza kumponya mtu. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyotuama, na kwa muda wa wiki moja au mbili mayai hayo huwa mbu kamili. Basi, ukiona viluwiluwi katika kopo, usiyamimine maji hayo katika chombo kingine, maana utawahamisha tu. Yamwage juu ya udongo mkavu, kisha kopo ulifunike au ulifukie.

Kanuni. Kabla ya kuchagua neno, jiulize mambo matatu: Je, nayataka maji haya? Yamo ndani ya nini? Je, yabaki mengine, au yaishe yote? Ukijibu vema, neno litakuja lenyewe.

MAZOEZI

A. Jaza neno lifaalo:
(a) Kabla ya kuzoa tope kisimani, wanaume wali... maji.
(b) Mtumbwi unazama! ... maji upesi!
(c) Asha, ... nguo hizi kabla ya kuzianika.
(d) ... maji ya tairi lile, yana viluwiluwi.

B. Eleza tofauti: kuteka na kukumba, kumimina na kumwaga.

C. Tunga sentensi nne zenye neno kufua, kila moja kwa maana yake.