Ni damu au ni malezi?

Kijana mwenzangu, leo tulitazame swali ambalo huku kwetu Kilimatinde linaibuka karibu kila vijana wanapokaa pamoja: mtoto anakuwa alivyo kwa sababu ya damu aliyorithi, au kwa sababu ya malezi na mazingira? Kila upande una mashabiki wake, kama Simba na Yanga. Huyu anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, yule anajibu samaki mkunje angali mbichi. Methali zote mbili tumeachiwa na wazee walewale!

Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya, na anayenionyesha hivyo ni mtoto mwenye ualbino.

Tuanze na urithi. Mtoto hupokea nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Baba anaweza kubeba nakala moja yenye hitilafu, mama vilevile, wote weusi tii, wasijue lolote. Katika kila mimba yao, uwezekano wa mtoto kupata nakala zote mbili zenye hitilafu ni 1 kati ya 4. Kwa Tanzania hukadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo mwanaume anayemwambia mkewe "huyu si wangu" anakana jambo ambalo nusu yake limetoka kwake mwenyewe.

Soma Yohane sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na cha kwanza wanachouliza ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili. Halafu anashika udongo, anaanza kazi.

Sasa mazingira. Jeni ile imepunguza melanini, ile rangi inayokinga ngozi na inayohitajika ili macho yaumbike vizuri tumboni. Akili haijaguswa. Yanayofuata yanategemea mtoto anaishi wapi na nani. Kilimatinde iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, pembeni mwa Bonde la Ufa, na jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka. Uwele ukianza kukomaa, watoto wanatumwa shambani kuamia ndege kutwa nzima. Wengine wanachunga ng'ombe. Mtoto mwenye ualbino akitumwa hivyo bila kofia pana na mikono mirefu, ngozi inaungua, madhara yanajilimbikiza mwaka hadi mwaka, na saratani inaweza kumpata akiwa bado kijana. Jeni hiyohiyo, mtoto wa aina hiyohiyo, akipewa kofia na losheni na kazi za kivulini, anafika uzeeni. Kule Moshi, KCMC, wanatengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili hii hasa.

Darasani ndipo panaponiuma zaidi. Macho yake huchezacheza, hayaoni mbali, na mwanga mkali unamsumbua. Miwani humsaidia kiasi tu. Mkalishe nyuma, mwalimu aandike kwa maandishi madogo, na baada ya miaka miwili utaambiwa ana kichwa kizito. Eti kazaliwa hivyo! Mhamishie mbele, asitazamane na dirisha, mruhusu asogee hadi ubaoni, halafu tuone nani mzito. (Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao.)

Mazingira ni watu pia. Wakati wa mauaji ya kishirikina, watoto wengi walipelekwa kwenye shule za bweni, kama Buhangija kule Shinyanga, ili wawe salama. Walilindwa, ndiyo, lakini baadhi walikua mbali na mama zao kwa miaka. Hilo nalo linaingia ndani ya mtoto, na hakuna jeni ya kulaumu.

Kwa watoto wengine ni vilevile. Urefu tunaurithi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkulima wa huku analijua jambo hili bila darasa: kwenye shamba moja lenye mvua chache, mahindi yanakauka na uwele unatoa. Usiulize tu mbegu, usiulize tu udongo.

Katekisimu, namba 366, inafundisha kwamba roho ya kila mtu inaumbwa moja kwa moja na Mungu, haitengenezwi na wazazi. Jeni zinatoka kwao, mazingira yanatoka kwetu sote, ila mtoto mwenyewe ametakwa na Mungu kabla hatujaanza kubishana.

Siku ya Kimataifa ya Ualbino ni tarehe 13 Juni, siku ileile tunayomkumbuka Mtakatifu Antoni wa Padua, kwa hiyo parokiani hakuna wa kusema tarehe imempita. Kikundi chenu kikichangishana, nunueni kofia zenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote. Zile kepu za kawaida zinaacha masikio na shingo nje, na huko pia ndiko vidonda huanzia.