SOMO LA VIJANA NA WAZAZI: DAU LA PEMBENI

Mafungu ya kusoma: Waamuzi 14:10–20; Luka 19:1–10; Wafilipi 2:4



Wakati wa likizo vijana wetu waliniomba ruhusa ya kufanya mashindano ya karata katika uwanja wa kanisa. Mchezo wenyewe ni pokeri, ambao wengine wamejifunza kwenye simu. Kila mchezaji alipewa vizibo vya soda 50. Aliyeishiwa vizibo alitoka, na wa mwisho kubaki alipewa mche wa sabuni. Nilikuja, nikaangalia meza, nikaona hakuna pesa, nikabariki. Kosa langu ni hilo: niliangalia meza, sikuangalia pembeni.

Kumbe pembeni wachezaji walikuwa wamepatana wawili wawili: "Nikitoka kabla yako, nakupa shilingi elfu moja." Watazamaji nao wakawekeana dau juu ya nani atabaki. Kijana mmoja alishindwa, akaongeza, akashindwa tena, mwisho akaweka rehani kadi ya mgao ya mama yake. Siku ya kugawa chakula mama yule alikuja kwangu na gunia tupu. Nilimwomba msamaha, na ndipo nikaandika somo hili.

1. Mchezo na dau si kitu kimoja

Biblia haikatazi kila kitu chenye bahati ndani yake. Mitume walipiga kura kumpata Mathiya (Matendo 1:26). Askari nao walipiga kura chini ya msalaba, wakigombea vazi la mtu anayekufa (Yohana 19:24). Kura ni ile ile, lakini mioyo ni miwili. Kwa hiyo sisemi kwamba karata zina pepo. Wako wazee wetu wasiotaka karata kabisa, nami nawaheshimu. Lakini tujue tatizo liko wapi: liko katika kutaka alicho nacho jirani bila kumpa kitu.

2. Samsoni aliweka dau pembeni ya karamu

Tunazoea kuhubiri juu ya Samsoni na nywele zake. Lakini angalieni arusi yake. Watu walikuja kula na kufurahi siku saba. Samsoni akaongeza jambo lake: kitendawili, na dau la mavazi ya kitani 30 pamoja na mavazi ya kubadili 30. Fuateni hatua zake:

- Wenzake waliposhindwa kujibu, hawakukubali kupoteza. Walitafuta njia ya pembeni.
- Walimtisha bibi arusi kwamba watamchoma moto yeye na nyumba ya baba yake. Naye hakuweka dau lolote.
- Alilia mpaka akapewa siri, akaitoa.
- Samsoni, ili alipe, alishuka Ashkeloni akaua watu 30 na kuwavua mavazi. Hao hata kwenye karamu hawakuwako.
- Mke akapewa mtu mwingine, na katika sura ya 15 yeye na baba yake wakateketezwa.

Yote yalianza kama mzaha wa arusini. Wapendwa, mwenye kuweka dau huhesabu kile atakachotoa yeye tu. Hahesabu kile watakachotoa wasiokuwa mezani. Hapa kwetu aliyelipa alikuwa mama mwenye gunia tupu.

3. Dau la pembeni huharibu hata mchezo wenyewe

Kwanza, humdanganya wa tatu. Tuseme wamebaki watu watatu, na wawili kati yao wana dau la siri la nani atadumu zaidi. Mmoja amepata karata nzuri za kumwezesha kushindania mashindano yote, lakini anazitupa, kwa kuwa anangoja tu mwenzake atoke kwanza. Yule wa tatu anaona karata zimetupwa, anafikiri zilikuwa mbaya, na anapanga hesabu zake kwa uongo. Na mtazamaji mwenye dau akisimama nyuma ya mchezaji na kuona karata zake, je, macho yake yatanyamaza?

Pili, pesa ya dau haizai. Watu 10 wakitoa 1,000 kila mmoja, ni 10,000, wala haitakuwa 10,001. Ukienda nyumbani na faida, iko nyumba nyingine yenye pengo kama hilo. Fundi wa matofali akipata 10,000, tofali liko. Hapa hakuna tofali.

Tatu, kufuata hasara ni shimo. Ukipoteza 1,000, ukaweka 2,000 ili uirudishe, kisha 4,000, 8,000 na 16,000, ukishindwa mara tano umepoteza 31,000. Mara ya sita utahitaji 32,000, na ukishinda, faida yako ni 1,000 tu!

Nne, na hili liliniumiza zaidi. Niliwauliza vijana: "Mnamchagua nani wa kuwekeana dau?" Mmoja akanijibu kwa ukweli: "Pasta, yule anayejiona anajua, kumbe hajui." Basi ujuzi wa dau ni kumtafuta ndugu aliye dhaifu. Paulo anatufundisha kuangalia mambo ya wengine ili tuwafae. Huyu anayaangalia ili ayale.

4. Je, deni la dau lilipwe?

Wazazi wengi wameniuliza. Zaburi 15:4 inamsifu mtu asiyevunja neno lake hata likimletea hasara. Kwa hiyo aliyeshindwa asijifiche nyuma ya wokovu kukwepa deni. Lakini Zakayo, alipokutana na Yesu, hakungoja kudaiwa, alirudisha mwenyewe. Aliyeshindwa awe tayari kulipa, na aliyeshinda awe tayari kuachilia. Na kitu cha mtu wa tatu hakiwezi kuwa dau hata kidogo, maana aliyekiweka hakuwa mwenyewe.

Tuliketi na vijana hao wawili pamoja na wazee. Kadi ilirudi siku ile ile. Chakula kilikuwa kimekwisha kuuzwa, kwa hiyo wote wawili walilima shamba la mama yule mpaka wakaweza kununua mahindi na maharage yake. Mshindi aliachilia zile pesa.

Tukumbuke pia kwamba hapa Uganda sheria ya mwaka 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kamari haimruhusu mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari.

5. Tufanye nini?

- Mashindano yaendelee, lakini kabla ya kuanza kila mmoja aulizwe mbele ya wote: "Una mapatano yoyote pembeni?"
- Watazamaji wakae mbali na migongo ya wachezaji.
- Mzazi aitunze kadi ya mgao mwenyewe.
- Aliyeingia katika deni aje mapema. Mlango wangu hauna ada.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani walioumia kwa dau la Samsoni bila kuliweka?
2. Kama ungekuwa mshindi wa ile kadi, ungefanya nini kabla ya kuitwa na wazee?
3. Sisi wazazi, tumewapa vijana kazi gani mikononi wakati wa likizo?

Tuombe: Bwana, utufundishe kufurahi pamoja bila kumnyang'anya jirani. Amina.