Fahamu Isiyoonekana kwa Macho

Swali: Je, mgonjwa aliyeumia ubongo, anayefumbua macho lakini haitikii akiitwa, anaweza kuwa anaelewa anachoambiwa?

Jibu: Baadhi yao wanaelewa. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, huko Cambridge, Uingereza, walimwagiza mwanamke aliyedhaniwa kuwa macho bila fahamu ajione akilini akicheza tenisi, kisha akipita katika vyumba vya nyumba yake, na picha za MRI, ambazo huonyesha sehemu za ubongo zinazoongezewa damu zinapofanya kazi, zikafanana na za watu wenye afya. Kipimo cha umeme wa ubongo, kinachotumia vihisio vinavyobandikwa kichwani, ni chepesi zaidi kwa sababu hufanyika kitandani: mgonjwa huamriwa akunje na kukunjua vidole, kisha aache, na kompyuta hutafuta kama ubongo umezitofautisha amri hizo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 60 kati ya 241 wasiotii amri kwa viungo waliitii kwa ubongo, kwa mujibu wa vipimo hivi. Kutoonekana kwa dalili, hata hivyo, si ushahidi kwamba fahamu haipo, kwani mgonjwa huenda alisinzia au hasikii, na hata watu wenye afya hushindwa kipimo hicho mara nyingine.