Mtoto anayeuliza, usimnyamazishe



Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye Misa na mdogo wangu wa miaka saba. Wakati wa mageuzo akanivuta shati: "Kaka, kwa nini padre anainua ule mkate?" Nikamwambia, "Nyamaza, watu wanasali." Akanyamaza kweli. Tuliporudi Kariakoo kila mtu akashika lake: mama na vitenge vyake dukani, mimi na simu. Swali likafia hapo hapo.

Usiku nikasoma Kutoka 12:26-27. Musa anawaambia Waisraeli kwamba watoto watakapouliza maana ya Pasaka, wawajibu. Hasemi wawanyamazishe! Wayahudi wanashika hilo mpaka leo. Usiku wa Pasaka familia inakaa mezani, na kwa desturi mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mwingine. Wakubwa wanajibu kwa kusimulia jinsi Mungu alivyowatoa babu zao Misri.

Na si mara moja tu kwa mwaka. Ijumaa jioni Sabato inapoingia, kwa kawaida mama anawasha mishumaa, wazazi wanawabariki watoto, kisha wanabariki divai na mkate. Jumamosi wanaenda sinagogi kusikiliza Torati, na sinagogi nyingi zina vipindi vya watoto vya nyimbo na hadithi za Biblia. Mvulana akifika miaka 13 anahesabiwa mtu mzima wa kushika amri, na huitwa mbele Torati inaposomwa.

Usidhani haya yako mbali. Nairobi kuna sinagogi. Uganda, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wao huimba zaburi kwa Kiebrania na kwa Kiluganda. Miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku dini yao. Wengi wakaacha, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Amin alipoanguka mwaka 1979, imani ilikuwa bado hai. Iliponea majumbani.

Sasa jiulize: kanisa letu likifungwa leo, nyumbani kwetu itabaki nini?

Yesu mwenyewe alilelewa katika imani ya Kiyahudi. Luka 4:16 inasema ilikuwa kawaida yake kuingia sinagogi siku ya Sabato. Na alipokuwa na miaka 12, wazazi wake walimkuta hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali (Lk 2:46). Na yeye aliuliza! Mkate ule anaouinua padre, Yesu aliutwaa mezani, kwenye karamu ya Pasaka.

Jumatatu jioni, kabla ya kula, nikamwita mdogo wangu nikamwomba msamaha. Nikamjibu nilichojua, ambacho kusema kweli ni kidogo. Mama alikuwa anahesabu mauzo ya siku. Akaacha hesabu, akaja kukaa nasi, akamalizia pale niliposhindwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu tunasali watatu pamoja.

Zoezi la wiki: chagua jioni moja. Zimeni simu, washeni mshumaa, someni Injili ya Jumapili, na aliye mdogo aulize kwanza.

Tusali: Ee Yesu, uliyekua Nazareti pamoja na Maria na Yosefu, fanya nyumba zetu ziwe mahali pa kukuuliza na kukusikiliza. Amina.