SOMO LA AFYA: KUSTAAFU KAZI SI KUSTAAFU VIUNGO

Mtumishi wa Serikali Zanzibar kwa kawaida hustaafu kwa lazima atimizapo umri wa miaka 60. Hapo ndipo mwenendo wa wengi hubadilika ghafla. Aliyekuwa akienda kwa miguu hadi kituo cha daladala na kupanda ngazi za ofisi, sasa hushinda barazani tangu asubuhi hadi magharibi. Jamaa zake nao, kwa nia njema, humwondolea kila kazi wakimwambia apumzike. Heshima hiyo ina kasoro moja: mwili usiotumika hudhoofika upesi.

Misuli hupungua kadiri umri unavyozidi, na kukaa kitako huharakisha upungufu huo. Miguu ikikosa nguvu, mzee hujikwaa na kuanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika, hulazimika kulala kitandani, na kulala muda mrefu huleta vidonda, homa ya mapafu na kuganda kwa damu. Hivyo anguko moja laweza kumfanya tegemezi mtu aliyekuwa akijimudu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, sawa na angalau nusu saa kwa siku 5. Mazoezi hayo hayahitaji uwanja wala gharama. Kwenda msikitini au sokoni kwa miguu kwa mwendo wa haraka kiasi, na kupalilia bustani, ni mazoezi. Aidha, kwa siku 3 au zaidi katika wiki, yafanywe mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara: kuinuka kitini mara kadhaa bila ya kujishikilia, au kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta.

Wazee na jamaa zao wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Shinikizo la damu lipimwe mara kwa mara, kwani mara nyingi halina dalili. Dawa zisiachwe kwa sababu mtu anajihisi mzima. Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari mapema kuhusu nyakati za dawa.

2. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Papa mkavu, ng'onda na achari vina chumvi nyingi.

3. Sakafu ya choo isiteleze, mabusati yasijikunje njiani, na taa iwepo usiku. Macho yapimwe, mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

4. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu akiwa katika mazoezi aache mara moja na apelekwe hospitali.

Tangu Aprili 2016 Serikali hulipa Pencheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70. Fedha hizo husaidia matumizi, lakini nguvu za miguu hazitolewi na hazina yoyote. Hutafutwa kila siku kwa kutembea. Kwa hiyo, kumheshimu mzee si kumkalisha. Aachiwe kumwagilia bustani, kumpeleka mjukuu chuoni na kwenda dukani mwenyewe maadamu anaweza.