Kuchagua Rangi ya Hudhurungi kwa Mipini ya Mfupa

Sehemu ya Gerezani, jirani na soko la Kariakoo mjini Dar es Salaam, imejulikana kwa miaka mingi kwa mafundi wake wa chuma. Fundi wa hapo anayetaka kukitia kisu cha kukunja mpini wa mfupa hukabiliwa na swali linaloonekana kuwa la macho tu: hudhurungi ipi inapendeza? Lakini mpini uliopendeza siku ya kuuzwa waweza kupauka baada ya majuma machache, au ukaacha madoa mkononi mwa mnunuzi, na fundi akapoteza jina lake. Kwa hiyo swali hili ni la kemia kabla ya kuwa la macho.

Mfupa na rangi

Takriban theluthi mbili za uzito wa mfupa mkavu ni madini, hasa fosfati ya kalisi, ambayo huupa ugumu. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini iitwayo kolajeni, ambayo huuzuia usivunjike kama chaki. Jambo hili huthibitishwa kwa urahisi. Mfupa wa kuku ukilowekwa katika siki kwa siku kadhaa, madini huyeyuka na mfupa hupindika kama mpira. Mfupa mwingine ukichomwa, kolajeni huungua, na kinachobaki humomonyoka kati ya vidole.

Rangi nyingi hushikamana na kolajeni. Basi anayeiharibu kolajeni huharibu makao ya rangi. Mfupa ukichemshwa kwa saa nyingi, kolajeni hutoka na kuwa gundi, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huila protini hiyo.

Kuutayarisha mfupa

Mfupa wa muundi wa ng'ombe ndio unaofaa, kwa kuwa ukuta wake ni mnene na mgumu. Upatikane katika machinjio ambako wanyama hukaguliwa, kama ya Vingunguti, kwani mfupa wa mnyama aliyekufa kwa kimeta waweza kubeba viini vya ugonjwa huo kwa miaka mingi. Uboho utolewe, kisha mfupa ulowekwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, yakibadilishwa kila siku, mpaka mafuta yaishe. Mafuta yakibaki, maji ya rangi hayapenyi, na mabaka hutokea.

Rangi huingia kina kidogo tu. Kwa sababu hiyo mpini upigwe tupa na kuchongwa kwanza, ndipo utiwe rangi. Wakati wa kupiga tupa, pua na mdomo vifunikwe ili vumbi lisiingie mapafuni.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni magome ya mikoko. Magome hayo yana tanini nyingi, na wakati wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza yalipelekwa ng'ambo kutoka pwani yetu kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Ngozi nayo ni kolajeni, kwa hiyo kinachoshika ngozi hushika na mfupa. Hudhurungi yake huelekea wekundu, na mwanga huizidisha. Hata hivyo, misitu ya mikoko huhifadhiwa kwa sheria, na mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Yatumike tu magome ya miti iliyokatwa kwa kibali. Shuleni, chai nzito ya rangi yafaa badala yake.

Tanini ina adui mmoja ambaye amejaa Gerezani: chuma. Tanini ikikutana na chuma hufanya kampaundi nyeusi, ileile iliyotumika katika wino wa kale wa Ulaya. Sufuria ya chuma yaweza kugeuza hudhurungi kuwa weusi, na ribiti ya chuma huacha duara jeusi mpini unapolowa jasho. Chombo kiwe cha udongo au cha aluminiamu, na ribiti ziwe za shaba.

Njia ya pili ni pamanganeti ya potasi. Maji yake ni ya zambarau, lakini yanapogusa kolajeni huacha oksidi ya manganizi, ambayo ni ya hudhurungi. Rangi hupatikana kwa dakika chache, na jua haliipaushi. Kasoro yake ni kwamba maji ya ndimu au ya chungwa huigeuza oksidi hiyo kuwa chumvi isiyo na rangi. Kisu cha kumenyea machungwa kilichotiwa rangi hii kitakuwa na mabaka meupe upesi. Tanini iliyoshikamana na protini haiondoki kwa njia hiyo.

Njia ya tatu ni rangi za kiwandani za kutilia sufu. Sufu pia ni protini. Siki kidogo ikitiwa majini, kolajeni hupata chaji chanya na kuivuta rangi, ambayo ina chaji hasi. Siki ikizidi itakula madini.

Daikromati ya potasi, ambayo wengine huitumia kutia mbao hudhurungi, isitumiwe kamwe. Ni sumu, na huweza kusababisha saratani.

Jaribio la darasani

1. Kata vipande kumi na viwili vya mfupa mmoja, vilivyo sawa kwa ukubwa. Vitatu visitiwe rangi; hivyo ni vya kulinganishia.
2. Tia rangi vitatu kwa chai, vitatu kwa pamanganeti iliyozimuliwa, na vitatu kwa rangi ya sufu yenye siki. Maji yote yawe na joto la nyuzi 60 hivi. Vaa glavu.
3. Suuza, kausha kivulini kwa siku mbili, kisha linganisha kwa mwanga wa mchana. Mfupa uliolowa huonekana mweusi kuliko ulivyo.
4. Katika kila kundi, kipande kimoja kifunikwe nusu kwa karatasi nyeusi na kianikwe juani majuma mawili. Cha pili kisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji ya chumvi, mfano wa jasho. Cha tatu kitiwe tone la ndimu.

Maswali

(a) Kwa nini vipande vyote vitoke katika mfupa mmoja?
(b) Ni rangi ipi inayoshinda majaribio yote matatu?
(c) Mvuvi na mmenya machungwa wanataka visu vya mipini ya hudhurungi. Je, wapewe rangi moja? Eleza.